Futi Nne na Nusu

Simu inalia kabla sijavaa soksi ya pili.
"Hapo ni Uzio wa Friesen?" Ndipo, na Friesen ndimi:
mpokea simu, mchimba mashimo, mdai madeni,
dereva wa lori lenye mlango mmoja wa bluu
na mmoja mweupe, tangu nilipogonga kulungu.

Baba aliniachia mashine ya kutoboa ardhi,
daftari la wadaiwa, na sentensi moja:
chimba futi nne na nusu.
Hapa Manitoba ardhi haina staha.
Januari jalidi hushuka chini taratibu,
huikaba nguzo shingoni, huivuta juu
kidogo kidogo, kama fizi inavyosukuma jino.
Nguzo ya futi mbili, ikifika Aprili,
imesimama kama mlevi aliyeulizwa jina na polisi.

Kampuni ya Winnipeg inalijua hilo.
Inajua pia kwamba mteja hachungulii shimoni.
Wana malori sita ya rangi moja, kalenda za bure,
na bei iliyo chini ya yangu kwa dola mia tisa.
Mwaka juzi walinichukulia shule, kanisa,
na shemeji yangu.
Rahisi ni ghali, najua,
lakini methali hailipi bima ya lori.

Aliyebaki ni Garnet Spence.
Hupima kwa jicho, kisha hupima kwa pimamaji
ili jicho lisije likajivuna.
Ijumaa moja ya Oktoba nikamwambia: mshahara utachelewa.
Akaisokota kofia yake. "Zege halijui Ijumaa,"
akasema, akarudi kukoroga.
Nikaingia garini, nikajifanya natafuta risiti.

Wiki hiyohiyo akapiga mzee Abram Toews.
Anataka uzio mrefu, wa mwerezi, usio na upenyo,
na komeo liwe upande wa nje.
Nikauliza, ni mbwa?
Kimya.
"Ni Helga. Anaamka usiku, Wilma. Anasema anakwenda kwao.
Kwao palishabomolewa, pakajengwa ghala la ngano."

Tulichimba siku mbili.
Helga akatoka amevaa koti ndani nje,
akatuletea vikombe vya maji moto, kahawa ameisahau.
Akaenda shimo kwa shimo, akiinama, akitazama.
Miaka kumi na tisa ya kazi hii,
yeye ndiye mteja wa kwanza kuchungulia.
"Mbona refu hivi?"
Nikamwambia: ardhi yetu hurudisha
kila kilichozikwa juujuu.
Akaitikia kama mtu anayekumbushwa,
akavua glavu moja, nyekundu,
akaidondosha ndani.
Garnet akaniangalia.
Tukasimika nguzo. Tukamwaga zege.

Komeo lilikuwa la mwisho.
Abram alitaka kulifunga mwenyewe,
bisibisi ikawa inateleza, inateleza.
Nikashika kazi nyingine, mbali.

Aprili theluji ilipoyeyuka, uzio wa shule
ulikuwa umelala kama ng'ombe aliyeshiba.
Mwalimu mkuu akanipigia, sauti ndogo.
Nikamtajia bei yangu ileile, bila kuongeza senti,
ingawa mkono ulikuwa unawasha.

Kisha Abram. Nikaenda na timazi.
Nguzo zake zote kumi na saba: wima.
Helga hayupo tangu Februari.
"Kuung'oa ni kiasi gani?" akauliza.
Nikamweleza ukweli: kuung'oa ni ghali
kuliko kuusimika. Tulichimba sana.
Akacheka, au alikohoa.
"Basi ondoa lango tu. Pawe wazi."

Sikumwandikia ankara.
Lango liko uani kwangu, limeegemea ghala,
komeo lake linalia upepo ukivuma.
Garnet anasema tuliuze.
Nasema, wiki ijayo.
Simu inalia.